Campbell, Roketi na pointi mbili za mezani

Kwa takriban miaka sabini watu wa Montreal wamekuwa wakibishana kuhusu mechi 15 ambazo mtu mmoja hakucheza. Tatu za kumalizia ligi, tano za nusu fainali, saba za fainali. Mtu mwenyewe ni Maurice Richard, winga wa kulia wa timu ya hoki ya barafuni ya Montreal Canadiens, jezi namba 9, ambaye kwa namna alivyokuwa akilivamia lango walimpa jina la Roketi. Aliyemfungia, kwa kosa la kumpiga mwamuzi, ni Clarence Campbell, rais wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Ulikuwa msimu wa 1954-55, na ukikisoma leo kikosi cha Canadiens unajiuliza kilikosaje ubingwa: Jean Béliveau katikati, Bernard Geoffrion pembeni, Doug Harvey kwenye ulinzi, Jacques Plante golini, na Richard juu ya hao wote.

Niweke msimamo wangu mezani mapema. Kumfungia Richard kulikuwa halali kabisa. Ninachogombana nacho ni kipimo cha adhabu, mahakama iliyoitoa, na alichokifanya hakimu siku moja baada ya hukumu. Mambo haya watu huyafunga fungu moja, na ndiyo maana ubishi hauishi.

Kwa ambaye hoki ya barafuni ameiona kwenye televisheni tu, au kwa kupita Panari pale Mombasa Road, Nairobi, akawakuta vijana wa Ice Lions wakiteleza: sita kwa sita akiwemo kipa, viatu vyenye bapa la chuma chini, magongo marefu, na kisahani cha mpira mgumu kinachoitwa puki. Vipindi vitatu vya dakika 20. Enzi hizo ushindi ulikuwa pointi mbili, sare moja. Mchezaji naye huhesabiwa pointi zake: bao moja, pointi moja, pasi ya bao, pointi moja vilevile. Mwenye jumla kubwa mwisho wa msimu ndiye anayebeba tuzo ya Art Ross.

Ligi yenyewe ilikuwa na timu sita tu: Montreal, Toronto, Boston, Detroit, New York na Chicago. Kila moja ilicheza mechi 70, maana yake kila timu ilikutana na kila mpinzani mara 14 kwa msimu. Hebu fikiria watani wa jadi wakutane mara 14 kati ya Oktoba na Machi, na kila mmoja ameshika gongo mkononi. Deni la Novemba lilikuwa linalipwa Januari, na riba yake Februari.

Richard alikuwa na miaka 33. Miaka kumi nyuma, msimu wa 1944-45, alikuwa amefunga mabao 50 katika mechi 50, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Desemba 1954 alifikisha bao lake la 400. Tuzo ya Art Ross, hata hivyo, ilikuwa haijawahi kutua mikononi mwake, na mwaka huu, ilipofika katikati ya Machi, ndiye aliyekuwa anaongoza. Timu yake na Detroit Red Wings zilikuwa zinakabana koo kileleni.

Sasa twende Boston. Jumapili, Machi 13, 1955, kipindi cha tatu, wenyeji wanaongoza. Beki wao Hal Laycoe, mtu wa miwani aliyewahi kuvaa jezi ya Montreal, anampiga Richard gongo la kichwa na kumpasua. Refa Frank Udvari anainua mkono kuonyesha kosa ameliona, ila anaacha mchezo uendelee kwa kuwa puki iko kwa Montreal. Filimbi inapolia, Richard anajipapasa kichwani, anaona damu kwenye glavu, anamfuata Laycoe na kumshindilia gongo la mabegani na usoni. Wanamtenganisha. Anachomoka, anapata gongo jingine, anarudi. Wanamtenganisha tena, anarudi tena, safari hii gongo linamvunjikia mgongoni mwenzake. Mwamuzi msaidizi Cliff Thompson anamkamata mikono amtulize. Richard anageuka na kumtwanga ngumi mbili za uso. Baada ya mechi polisi wa Boston walifika hadi mlango wa chumba cha kuvalia wakitaka kuondoka naye. Wachezaji wenzake wakauziba mlango, na mpaka viongozi wa Boston wenyewe walipoingilia kati ndipo askari wakaachana naye.

Kwa upande wa sheria, mjadala ungeweza kuishia kwenye zile ngumi mbili. Mchezaji anayempiga mwamuzi hana pa kujificha, iwe hoki, kandanda au kikapu. Na hakuwa mgeni kwenye kosa hilo. Machi 1951 alimvaa refa Hugh McLean kwenye ukumbi wa hoteli huko New York, akapigwa faini ya dola 500. Desemba 29, 1954, wiki kumi na moja tu kabla ya Boston, alimpiga mwamuzi msaidizi George Hayes kwa glavu usoni huko Toronto, faini dola 250. Ukiyapanga matatu hayo unaona faini hazikumfundisha kitu. Klabu tajiri humlipia nyota wake faini na kusahau kesho yake. Waamuzi ndio wasiosahau, kwa sababu wiki ijayo wanaingia tena barafuni na mtu yuleyule. Ted Lindsay wa Detroit, ambaye mwenyewe hakuwa malaika, alisema kwenye michezo mingine kosa kama hilo lingemfungia mtu maisha, na kwamba Richard ana bahati atacheza hata mwakani. Unaweza kumpuuza kwa kuwa ni mpinzani. Mimi simpuuzi.

Upande wa Montreal nao ulikuwa na maneno, na si ya kitoto. Richard alidai kwamba baada ya lile gongo la kichwa alikuwa amevurugika, na alidhani Thompson ni mchezaji wa Boston. Walilalamika kwamba Thompson alimbana mikono huku Laycoe akiwa huru. Wakaongeza kwamba Thompson huyohuyo aliwahi kuichezea Boston miaka ya 1940, jambo ambalo leo lingemwondoa kwenye orodha ya waamuzi wa mechi hiyo kabla hata hajafunga kamba za viatu. Laycoe aliyeanzisha alipewa dakika za kukaa nje ya mchezo siku ileile, basi, hakufungiwa hata mechi moja. Na Lindsay huyo wa maneno mazuri, Januari ya mwaka huohuo alikuwa amempiga shabiki huko Toronto akafungiwa siku kumi, sawa na mechi nne. Shabiki mechi nne. Mwamuzi msaidizi msimu mzima uliobaki?

Hoja ya mwisho ina nguvu, lakini si kwa sababu wanayoitoa wao. Mwamuzi kulindwa kuliko shabiki ni sawa tu, maana bila yeye hakuna mchezo. Tatizo ni namna adhabu ilivyopimwa. Campbell, baada ya kuwasikiliza wahusika ofisini kwake Montreal Jumatano ya Machi 16, alimfungia Richard mechi zote zilizosalia za ligi pamoja na mtoano wote. Mechi za ligi zilikuwa zimebaki tatu. Mtoano ulikuwa haujulikani: Montreal wangetolewa mapema, adhabu ingekuwa fupi, wakifika mbali, inarefuka. Yaani timu inavyozidi kufanikiwa ndivyo kifungo kinavyoongezeka. Chukua kosa hilohilo, lifanywe na mchezaji wa Chicago, timu iliyoshika mkia msimu ule na kukosa kabisa mtoano, ambao ulichukua timu nne za juu tu. Hukumu neno kwa neno ileile, naye angekosa mechi tatu na kwenda zake likizo. Richard alikosa 15. Sijawahi kusikia mtetezi wa Campbell akilijibu hilo vizuri. Angeweza kusema mechi 15, au 20, ziendelee hadi Oktoba kama zitabaki. Zingekuwa kali vilevile na zisingetegemea jedwali.

Wapo watakaosema: mtoano ndio unaouma, na adhabu lazima iume. Sawa. Ila hapo ujue umeacha kumpima mkosaji, umeanza kuipima kalenda.

Na hakimu mwenyewe? Wasifu wa Campbell ungemvutia mwajiri yeyote. Mwanasheria, msomi wa Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, aliwahi kuwa refa wa NHL, na baada ya Vita vya Pili alikuwa upande wa mashtaka katika kesi za Kanada dhidi ya Wajerumani waliotuhumiwa uhalifu wa kivita. Akachukua urais wa ligi mwaka 1946. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia hajui ushahidi ni nini. Lakini hata jaji mzuri huhitaji mahakama, na NHL haikuwa nayo. Campbell alipokea ripoti, akaita mashahidi, akahoji, akahukumu, na hapakuwa na pa kukata rufaa penye maana. Mshahara wake ulitoka kwa wamiliki wa klabu zilezile alizozihukumu. Na wamiliki wenyewe walikuwa wamefumana kama ukili: familia ya Norris iliishika Detroit, ilikuwa na mkono wake Chicago, na ilikuwa na hisa katika kampuni ya Madison Square Garden, nyumbani kwa timu ya New York. Klabu sita, na jina moja limejitokeza kwenye tatu. Detroit ndiyo iliyokuwa inagombea kilele na Montreal wiki hiyo.

Lipo na la zaidi. Richard alikuwa na safu yake kwenye gazeti moja la kila wiki la Montreal. Mwanzoni mwa 1954, baada ya Geoffrion kufungiwa, aliandika, au aliandikiwa kwa jina lake, kwamba Campbell ni dikteta na kwamba anafurahia kuwaumiza wachezaji wa Montreal. Campbell alimlazimisha kuomba radhi, kuacha safu, na kuweka dola 1,000 kama dhamana ya tabia njema. Miezi kumi na minne baadaye mtu aliyetukanwa anakaa kitini kumhukumu aliyemtukana. Katika mahakama yoyote ya mkoa, wakili angesimama kabla hata ya shauri kusomwa akamwomba hakimu ajitoe.

Nimtendee haki Campbell hapa. Hakuna kilichowahi kuonyeshwa kwamba aliamua kwa kisasi. Kama alikuwa na kinyongo, Desemba ilimpa nafasi nzuri, Richard akiwa amempiga Hayes mchana kweupe, naye akaishia kwenye dola 250. Katika maelezo ya hukumu yake alisema muda wa huruma na majaribio umepita, na kwamba kama ni hasira zisizodhibitika au ni ukaidi wa makusudi, hilo halibadilishi kitu. Tabia hiyo haivumiliki kwa mchezaji yeyote, nyota au asiye nyota. Ni maneno ya mtu aliyechoka, na alikuwa na sababu ya kuchoka. Lakini haki haitoshi itendeke. Wenye kuhukumiwa lazima waione, na watu wa Montreal waliona kitu kingine kabisa.

Waliona Mwingereza, kwa maana ya mji ule: mtu wa Kiingereza ofisini, anamwadhibu mtu wa Kifaransa kiwandani. Watu wa Quebec, jimbo la Kanada lenye mji wa Montreal, wengi wao walizungumza Kifaransa, lakini benki, viwanda na ofisi kubwa za Montreal zilikuwa mikononi mwa wanaozungumza Kiingereza. Mwajiri alikuja na lugha yake, mfanyakazi akajifunza kuitikia. Baba yake Richard alifanya kazi kwenye karakana za reli za Canadian Pacific, na Maurice mwenyewe alianzia kwenye mashine za kiwandani kabla hoki haijamtoa. Sasa mtu huyu alikuwa anawapiga mabao akina Toronto na Boston, usiku, mbele ya watu wote. Kwa wengi ndiye pekee wa kwao waliyemwona akishinda waziwazi.

Kiini cha habari hii ni usiku wa Alhamisi, Machi 17. Detroit walikuja Forum, uwanja wa Canadiens. Timu zote mbili zilikuwa na pointi 91. Simu za vitisho zilikuwa zimemiminika ofisini kwa Campbell. Meya wa jiji, Jean Drapeau, alitaka asiende. Nje ya Forum watu walikuwa wameshika mabango ya kumlaani Campbell na kumtukuza Richard, na Richard mwenyewe alikuwa ndani, amevaa nguo za kiraia, akiangalia.

Campbell alifika kipindi cha kwanza kikiwa kimeanza, Detroit wakiwa mbele 2-0, ameongozana na katibu wake Phyllis King, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Alikwenda akakaa kwenye kiti chake cha siku zote. Nimekaa majukwaani vya kutosha kujua sauti ya uwanja pale watu wanapoacha kuangalia mchezo na kuanza kumwangalia mtu. Kwanza ni kuzomea. Halafu mayai, nyanya, maganda, chochote kilichokuwa mkononi. Campbell hakuondoka. Alijipangusa, akakaa, akatazama mbele. Detroit wakaendelea kufunga. Kipindi kilipokwisha ilikuwa 4-1.

Wakati wa mapumziko kijana mmoja alimsogelea amenyoosha mkono kama anayetaka kumsalimia. Campbell alipoupokea, akala kofi. Muda si mrefu bomu la machozi likalipuka karibu na pale. Moshi ukatanda, watu wakikohoa wakakimbilia milangoni, idara ya zimamoto ikaamuru jengo lifungwe. Campbell, akiwa amejihifadhi kwenye chumba cha matibabu cha Forum, aliwapa Detroit ushindi wa mezani. Umati uliotoka ukaungana na uliokuwa nje, wakateremka Mtaa wa Sainte-Catherine wakivunja vioo, wakipora maduka, wakipindua na kuchoma walichokikuta. Mpaka saa tisa usiku. Hasara ilikadiriwa kufika dola 100,000 za wakati ule.

Je, alipaswa kwenda? Drapeau alisema baadaye kwamba kuingia kwake kulikuwa uchokozi mtupu. Campbell alijibu kwamba yeye ni rais wa ligi, ana kiti chake pale, na rais anayeukimbia uwanja kwa sababu ya vitisho amekwisha kuiuza ofisi yake. Na meya, badala ya kumtaka raia asitoke nyumbani, angehakikisha polisi wanatosha. Kwa kanuni, Campbell yuko sahihi. Sitaki kuishi kwenye mji ambao mwamuzi haruhusiwi kuingia uwanjani kwa sababu wapigaji mayai ni wengi. Na asiyerusha yai hana haja ya kulaumiwa kwa yai.

Lakini Campbell hakuwa raia wa kawaida aliyekwenda kuangalia mechi. Ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuisimamisha mechi na kugawa pointi zake. Alipojiweka katikati ya umati uliokuwa unamchukia, aliifanya mechi yenyewe iwe shauri lake, kisha ilipovurugika akalikatia shauri lile mwenyewe, akawapa pointi mbili wapinzani wa umati. Angechelewa siku tatu, akaenda Jumapili Detroit ambako mechi ya mwisho ilichezwa, hukumu yake ingebaki ileile. Na asingefika katikati ya kipindi, watu wote wamekwisha kukaa, kila jicho likimwona akishuka ngazi. Hapo mimi naona kiburi zaidi kuliko ushujaa. Kwa kweli vilikuwapo vyote viwili.

Kesho yake, Machi 18, Richard alipelekwa mbele ya maikrofoni, akazungumza kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Aliwaomba watu waache vurugu, waisaidie timu, akasema adhabu yake ataitumikia na mwakani atarudi kuwasaidia vijana kulitwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi. Barabara zikatulia. Angalia hiyo: mtu mmoja, sentensi chache, na mji uliokuwa unawaka ukapoa. Ndiyo nguvu ambayo Campbell alikuwa anashughulika nayo bila kuonekana kuijua.

Mashabiki wengi wa Montreal bado wanaapa kwamba kombe la 1955 liliibwa ofisini. Hapa ninapenda kutoa kalamu na kupiga hesabu, kwa sababu ubishi wa vijiweni huwa mrefu pale ambapo hakuna aliyejumlisha.

Kabla ya Machi 17, zote 91. Pointi za mezani zikawapa Detroit 93. Machi 19 Montreal wakaifunga New York 4-2, nao 93. Machi 20 wakakutana Detroit, mechi ya mwisho kwa wote: 6-0 kwa Detroit. Msimamo wa mwisho, Detroit 95, Montreal 93. Kwa hiyo ushindi wa mezani peke yake haukuwaondoa Montreal kileleni. Siku ya mwisho walikuwa bado sawa kabisa, na ushindi mmoja ungewapa uongozi. Walipigwa sita bila majibu. Tena mechi iliyovunjika walikuwa nyuma 4-1 tayari, kwa hiyo hata ingeendelea sioni wakiigeuza kirahisi. Ajabu yake, kama mechi ile ingemalizika kwa sare, timu hizi mbili zingefunga msimu zikiwa pacha: ushindi 41, vipigo 17, sare 12, pointi 94 kila moja.

Lakini kilele hakikuwa cha sifa tu. Kilitoa haki ya kuanzia fainali nyumbani, na mechi ya saba ikibidi kuchezwa, kuchezewa nyumbani vilevile. Montreal waliitoa Boston kwa mechi 4-1, Detroit wakaifagia Toronto 4-0, wakakutana fainali. Mechi saba, na kila moja alishinda mwenyeji. Kila moja. Detroit nyumbani 4-2, 7-1, 5-1. Montreal nyumbani 4-2, 5-3, 6-3. Na Aprili 14 Detroit wakamaliza kwao 3-1. Ukiniuliza kama Richard angebadilisha mechi moja kati ya hizo, nitakujibu ndiyo, hata bila kuwa shabiki wake. Mfungaji wa mabao 38 msimu ule hakosi thamani ya bao moja au mawili kwenye fainali ya mechi saba. Kwa hiyo adhabu iligharimu kombe, au angalau nafasi nzuri ya kombe. Hilo haliifanyi iwe adhabu mbaya. Inavyopaswa, kosa lako linaigharimu timu yako, ndiyo maana wenzako hukushika mkono unapotaka kurudi mara ya tatu.

Na klabu ilielewa hivyo, ingawa haikulisema kwa sauti. Meneja mkuu Frank Selke aliona kocha Dick Irvin alikuwa anamchochea Richard zaidi ya kumtuliza. Irvin akaondoka kwenda Chicago. Akaletwa Toe Blake, aliyewahi kucheza safu moja na Richard na kumjua moto wake. Matokeo: makombe matano mfululizo, 1956 hadi 1960, manne ya mwisho Richard akiwa nahodha. Detroit kwa upande wao hawakulishika tena kombe hilo hadi 1997.

Imekuwa kawaida kuuita usiku wa Machi 17 mwanzo wa Quebec mpya. André Laurendeau, mhariri wa gazeti la Le Devoir la Montreal, aliandika siku nne baadaye kwa kichwa cha habari kinachosema wamemuua ndugu yangu Richard, akikumbusha maneno yaliyosemwa baada ya kiongozi wa uasi Louis Riel kunyongwa mwaka 1885. Alisema uzalendo wa Wakanada wa Kifaransa umekimbilia kwenye hoki. Ni uchunguzi wenye akili, na ninaukubali nusu. Ule uchungu ulikuwa wa kweli, na haukuanzia Boston. Lakini mwaka 1956, miezi kumi na mitano tu baada ya vioo vya Sainte-Catherine, wapiga kura wa Quebec walimrudisha madarakani waziri mkuu wa jimbo, Maurice Duplessis yuleyule, na mfumo wake uleule, bila shida. Mabadiliko yalikuja 1960, Duplessis akiwa amekwisha kufa, kwa vyama, shule na kura. Anayepora duka la viatu saa saba za usiku anaweza kuwa na hasira ya miaka mia moja. Anaweza pia kuwa anataka viatu tu. Mtaa ule ulikuwa na wa aina zote mbili.

Kinachonifanya nisite zaidi kuisoma habari yote kwa jicho la Kifaransa dhidi ya Kiingereza ni kilichotokea Jumamosi ile, Machi 19, Forum, vioo bado havijaokotwa vyote. Geoffrion alikuwa nyuma kidogo ya Richard kwenye mbio za Art Ross. Alijua watu wanataka nini. Asingekuwa mchezaji wa kwanza duniani kupiga puki pembeni kwa makusudi. Wenzake walimwambia acheze, timu inahitaji pointi kuifikia Detroit kileleni. Akacheza, akafunga, akatoa pasi, akampita Richard. Na Forum, ileile iliyokuwa imemrushia Campbell mayai kwa ajili ya mtu wao, ikamzomea Geoffrion, mtoto wa Montreal, anayezungumza Kifaransa kama wao, kwa kosa la kuwafungia mabao.

Msimu ulipofungwa Geoffrion alikuwa na pointi 75, Richard 74, Béliveau 73. Richard alistaafu 1960 akiwa na mabao 544, na tuzo hiyo hakuwahi kuipata.